Uso Nilioshindwa Kuusoma

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa macho ya kuonea na akatupa moyo wa kuelewa kilichoonwa, na ambaye akipenda humwachia mja wake macho akauzuia moyo. Namshukuru kwa alichonipa, namshukuru kwa alichokichukua, na namwomba anipe ukweli katika haya ninayoyaandika. Rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Mimi ni fundi cherehani wa Bariadi, na kwa miaka mingi nimesomesha watoto Kurani kwenye banda nyuma ya nyumba yangu. Marehemu baba alikuwa mfugaji wa Sapiwi, Msukuma aliyesilimu akiwa mtu mzima. Aliuza ng'ombe wawili ili nikasome dini Tabora. Dada yangu mkubwa alibaki Sapiwi na ng'ombe na mila za mababu. Hakuwahi kunisumbua kwa dini yangu, wala mimi sikumsumbua kwa mambo yake.

Mwalimu wangu wa Tabora alitufundisha kwamba mwali akiulizwa kuhusu ndoa akanyamaza, kunyamaza kwake huhesabiwa ruhusa, kwa kuwa haya humfunga mdomo. Wengi hujua hapo tu. Yeye aliendelea. Alisema, "Msogelee, umtazame. Akinyamaza macho yakiwa chini na mashavu yamelegea, hiyo ni haya. Akinyamaza na kidevu kinatetemeka, toka nje uwaambie watu wale chakula chao waende nyumbani."

Niliporudi Bariadi nikawa naitwa kwenye ndoa, mimi ndiye wa kuingia ndani kumuuliza mwali. Wakati mmoja niliitwa Mwamanyili. Nilimchukua binti yangu, mtoto wangu wa pekee, akiwa na miaka kama minane. Aliingia nami chumbani kwa wanawake. Nilimuuliza mwali mara tatu, akanyamaza mara tatu, na mara ya tatu kidevu kikamtetemeka kama cha mtu aliyeshikwa na baridi. Nikatoka nje, nikasema ndoa haipo.

Baba wa bwana harusi akaruka. "Mwalimu, hajasema kitu!"

"Amesema," nikajibu.

Walinitukana hadi barabarani. Mmoja alisema fundi wa nguo amegeuka mpiga ramli. Binti yangu alinishika mkono njia nzima, kisha akaniuliza, "Baba, wewe ulimsikiaje?" Nikamwambia nilimsoma usoni. Akasema, "Na mimi unanisoma?" Nikamwambia, "Wewe nakusoma hata ukiwa umenipa mgongo." Ilikuwa kweli. Nilijua kwa mlio wa kandambili zake kama amepigwa shule au amesifiwa.

Miaka kumi baadaye mama yake alifariki. Ilikuwa homa ya siku nne, wakati wa palizi. Sikulia. Watu waliokuja msibani walinisifu kwa subira, na mmoja akawaambia vijana waje wajifunze kwangu. Mungu anisamehe, niliwaacha waseme. Haikuwa subira. Subira ni mtu kuushika uchungu wake. Mimi mikono yangu haikuwa imeshika kitu.

Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa. Zamani pamba yetu ilikuwa na mnunuzi mmoja, chama cha ushirika. Sasa malori ya kampuni za watu binafsi yalikuwa yanapishana mjini, kila moja na mizani yake na vipaza sauti. Marobota ya mitumba yalifunguliwa sokoni kila juma, na mtu aliyekuwa akija kwangu kushona suruali ya Idi alipita akiwa amevaa koti la Mzungu. Watu walidhani ndilo lililoninyamazisha. Walisema, "Mwalimu amekosa kazi." Kazi ilikuwepo kidogo, sare za shule. Mimi ndiye sikuwepo.

Kwanza zilipotea nyuso. Sijui nilieleze vipi jambo hili. Niliwaona watu, niliwatambua, nilijua huyu nani na yule nani. Lakini kile kinachokaa juu ya uso, kinachokuambia mtu huyu amefurahi au anatania au ana wasiwasi, kilikuwa kimefutika, na mahali pake niliona kitu kimoja tu kwa kila mtu. Niliona ananidharau. Jirani yangu mwenye duka, mtu wa Kigoma, alikuwa na desturi ya kunichokoza asubuhi. "Mwalimu, leo umenuna kama mbuzi aliyenyeshewa!" Miaka yote nilikuwa namjibu kwamba mbuzi aliyenyeshewa ni afadhali kuliko dagaa aliyekauka. Mwaka ule nilimtazama nikaona chuki. Sikumsalimu mwezi mzima.

Mwanafunzi wangu mmoja, msichana mdogo, alimaliza sura ndefu bila kukosea hata herufi, akanitazama akatabasamu. Nikamfukuza. Mama yake akaja akiwa amejifunga kanga kiunoni.

"Mwalimu, mtoto amekosa nini?"

"Alinicheka."

"Mwalimu," yule mama akasema taratibu, "mtoto alifurahi."

Nilimsikia. Sikumwelewa.

Kisha akili nayo ikafuata. Nilikata shati la shule nikatoa mikono miwili yote ya kushoto, nikakata kitambaa kingine nikarudia kosa lile lile. Nilisoma barua ya mistari mitano mara nne, na nilipofika mwisho sikukumbuka mwanzo. Siku moja nikiwa imamu wa sala ya alasiri nilipotelewa na rakaa. Nyuma yangu wakasema "Subhanallah" kunikumbusha, na mimi nikashindwa kujua wananikumbusha nisimame au nikae. Nikabaki nimeinama nusu, kama mzee anayetafuta sindano. Baada ya siku ile wakampa mwingine kusalisha. Walifanya kwa heshima, lakini mimi sikuiona heshima.

Binti yangu alikuwa amemaliza darasa la saba zamani, alikuwa ananipikia na kunishonea vifungo. Alikuwa ananiwekea chakula na kukaa upande wa pili wa mkeka akinitazama. Niliwaza, huyu naye amechoka nami.

Dada yangu akaja kutoka Sapiwi, maana habari zilimfikia.

"Mwadila," akanisalimia kwa Kisukuma mlangoni.

"Mwadila."

"Mhola?"

"Mhola duhu," nikajibu, yaani ni salama tu.

Akacheka kwa uchungu. "Salama gani hiyo, mashavu yameingia ndani kama ngozi ya ngoma iliyotoboka? Wewe umerogwa. Twende kwa mfumu."

"Dada, siendi kwa mganga. Mimi nina Mungu."

"Na mimi sijasema umwache. Nimesema twende."

Sikwenda. Nilidhani maradhi yangu ni upungufu wa imani, na dawa yake ni kuongeza nyiradi. Niliziongeza. Ulimi ulizunguka, moyo ulibaki pale pale.

Posa ililetwa katika wakati huo. Kijana alikuwa wa Binza, kule Maswa, Mwislamu wa familia ya wenye duka, karani wa mizani wa moja ya kampuni mpya za pamba. Dada yangu hakumtaka hata kidogo. "Mwanaume hana hata ndama! Asubuhi ataswaga nini malishoni, kalamu?" Wazee wa msikiti walimsifu. Binti yangu hakusema lolote mbele yangu, na haikuwa desturi aseme. Mimi nilitakiwa nipime. Nilitakiwa niulize tabia yake, nitume watu Binza, niangalie kama wakati unafaa, maana mama yake hakuwa ametimiza mwaka kaburini. Kila nilipoanza kuwaza jambo moja, jambo la pili liliniponyoka. Nikakubali. Nilikubali kwa sababu kukubali kulikuwa kufupi kuliko kukataa.

Siku ya ndoa wazee walisema aingie mtu mwingine kumuuliza mwali. Nilikataa. Nilisema mimi nimewauliza mabinti wa watu wote, nitashindwaje kumuuliza wangu?

Alikuwa amekaa kwenye mkeka chumbani kwa marehemu mama yake, amefunikwa kanga mpya, shangazi yake kando. Nilikaa mbele yake. Nilimuuliza kama ananipa idhini nimwoze kwa fulani bin fulani. Akanyamaza. Nikafunua kanga usoni kwake, kama nilivyofundishwa, nikamtazama.

Naomba niseme nilichokiona, nisiongeze wala kupunguza. Niliona macho mawili. Niliona pua ya mama yake. Niliona mdomo umefungwa, na maji yakishuka mashavuni. Nilivitazama vitu hivyo kimoja kimoja kama mtu aliyesahau kusoma anavyotazama mstari, akajua hii ina nukta na hii haina, na neno lisije. Nilimtazama muda mrefu. Nikasema moyoni, mabinti hulia siku hii. Nikauliza mara ya pili na ya tatu. Alikuwa ananikazia macho, yeye ambaye alitakiwa kuangalia chini.

"Mtazame vizuri, wewe," dada yangu akasema, akanishika mkono wa kanzu.

"Nimemtazama."

Nikatoka nje, nikawaambia watu, "Ameridhia."

Wakasema alhamdulillah. Vigelegele vikapigwa. Nilipogeuka nikaona dada yangu amesimama mlangoni, hapigi kigelegele. Nikadhani anawaza ng'ombe wake.

Binti yangu alihamia Binza. Sitamsema vibaya mume wake, kwa kuwa sikuona akimpiga wala kumnyima chakula. Kampuni ilimhamisha akanunue pamba mbali, huko akaoa mke mwingine, akawa anakuja Binza kama mgeni, na mfuko wake haufunguliwi. Binti yangu alizaa mtoto wa kike. Alikuja kunisalimia mara chache, akakaa kitako dakika chache kwenye kiti, si kwenye mkeka, akaondoka.

Mwaka wa tano nilikonda hadi jirani yule wa Kigoma, niliyemnunia, akanibeba kwenye baiskeli yake mpaka hospitalini. Nilieleza habari za tumbo na kukosa usingizi. Daktari alikuwa mama kijana. Aliniuliza mambo ya tumbo kidogo tu, kisha akaweka kalamu chini.

"Mzee, ukimtazama mtu usoni, unajua anajisikiaje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia, "Najua. Wote wananichukia."

"Hata mimi?"

Nikamtazama. "Hata wewe."

"Mimi sikuchukii, mzee wangu. Nakuhurumia. Uso wangu umekaa kihuruma, lakini wewe huuoni, kwa sababu unaumwa." Akanieleza kwamba huzuni ikizidi na kukaa sana huwa ugonjwa, siku hizi wanauita sonona. Akasema haukai moyoni tu, unaingia hata kwenye fikra. Mtu husahau, hushindwa kuamua, na hushindwa kusoma nyuso za wenziwe, hata uso wa furaha akauona wa ubaya.

"Si upungufu wa imani?"

"Mtu aliyevunjika mguu akisali amekaa, imani yake imepungua?"

Alinipa vidonge na akaniambia nirudi kila mwezi nizungumze naye. Nilirudi. Ilichukua karibu mwaka. Asubuhi moja jirani yangu akapaza sauti kutoka dukani, "Mwalimu, leo mbuzi amekauka kidogo!" Nikamtazama, nikaona. Macho yamekunjika pembeni, mdomo umepinda upande, mtu ananitania kwa upendo, mtu amenitania kila siku kwa miaka sita na mimi simjibu. Nikasema, "Afadhali kuliko dagaa." Aliacha mizani ikining'inia akaja kunishika mikono yote miwili, mteja wake akabaki anashangaa.

Nilifurahi mpaka adhuhuri. Baada ya hapo ndipo uliponijia uso wa mwanangu.

Ulikuwa umekaa ndani yangu miaka yote kama barua isiyofunguliwa. Nilikuwa nimeketi kwenye cherehani, mguu juu ya kanyagio, na uso ule ukaja mzima, na safari hii ukasomeka. Kidevu kilikuwa kinatetemeka. Kilikuwa kinatetemeka kuliko cha yule mwali wa Mwamanyili. Na yale macho aliyonikazia hayakuwa ya kukosa adabu. Alikuwa ananiita.

Nilikwenda Sapiwi siku iliyofuata. Dada yangu alikuwa zizini. Nikamuuliza, "Alikwambia nini kabla sijaingia?"

Hakujifanya hakuelewa. "Nilimwambia amwambie baba yake kwa mdomo. Akasema haifai mwali kusema. Akasema, 'Baba ataona. Alimwona yule wa Mwamanyili, ambaye si mwanawe. Atashindwa kuniona mimi?' Alitaka mwaka mmoja tu, akulee kwanza. Alikuwa anaogopa utakufa."

"Kwa nini hukuniambia pale pale?"

"Nilikwambia mtazame. Ukasema umemtazama." Akafuta mikono kwenye kanga. "Tangu siku ile anajua uliona ukapita."

Basi hilo ndilo lililonipeleka Binza. Sikwenda kuivunja ndoa wala kuitengeneza. Nilitaka ajue jambo moja tu, kwamba baba yake hakuona. Niliona kwamba kama atalijua hilo, kitu fulani ndani yake kinaweza kupona, na kama hatalijua, nitaingia kaburini nikiwa baba aliyeona akapita.

Nilimkuta uani anachambua mchele kwenye ungo. Akanisalimia shikamoo, akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Baada ya muda akaniuliza tena. Mara ya tatu nilipojibu nikamwangalia mikono. Alikuwa anatoa chuya na kuzirudisha kwenye mchele.

Mjukuu wangu, wa miaka kama mitano, alitokea nyuma ya nyumba na mwanasesere aliyemtengeneza kwa gunzi la hindi, amemfunga kitambaa. Alikuwa anacheka meno yote nje. "Mama, ona, amevaa kama bibi harusi!"

Mwanangu akainua uso. "Kwa nini unanifanyia hivyo? Kila siku kunikasirikia. Nenda huko."

Mtoto hakulia. Aliweka gunzi chini, akaenda kukaa ukutani, kama aliyezoea.

Nilijua nipo wapi. Nilikuwa nimekaa ndani ya maradhi yale miaka sita, najua kila pembe ya nyumba ile.

Nikamwambia yote. Nilimwambia habari za mashati ya mikono miwili ya kushoto, rakaa zilizopotea, mwanafunzi niliyemfukuza, daktari, vidonge. Nilimwambia kwamba siku ile kwenye mkeka nilitazama na sikuona. Nilimwambia kidevu chake kilichotetemeka nilikisoma mwaka huu, nikiwa kwenye cherehani. Nikamwambia, "Mwanangu, sikuona nikapita. Sikuona." Nilikuwa ninalia, mimi ambaye sikumlilia hata mama yake. Machozi yaliingia kwenye ndevu.

Alinitazama muda mrefu, kama nilivyomtazama yeye. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Baba, kwa nini umenikasirikia?"

Enyi mnaosoma, nimezika wazazi na mke, na sijasikia neno zito kama lile.

Nikasogea nikakaa chini mbele yake. Nikamkumbuka akiwa mdogo, nilivyomshika kidole nikamwekea juu ya alifu, halafu be, halafu te. Nikamshika kidole kile kile nikakiweka chini ya jicho langu. "Haya ni maji. Hii siyo hasira." Nikakiweka kwenye paji. "Hapa pamekunjika kwa majuto. Hii siyo hasira." Nikakiweka mdomoni. "Mdomo huu unatetemeka kwa sababu nakuhurumia. Soma nami. Hii ni huruma."

"Hii ni huruma," akarudia, kama mtoto anayerudia herufi bila kujua maana yake.

"Unaiona?"

Akatikisa kichwa. "Siioni, baba. Lakini ukisema ipo, nitasema ipo."

Sikumwuliza kama amenisamehe. Jibu lolote ambalo angelitoa siku ile lisingekuwa lake, na nilikwisha kumchukulia jibu lisilo lake mara moja. Nilimwita mjukuu wangu kutoka ukutani nikampakata, nikamwambia mama yake anaumwa macho ya ndani. Kesho yake tukaondoka watatu kwenda kwa daktari yule yule. Tulikaa kwenye benchi kuanzia asubuhi. Mtoto alikuwa na gunzi lake. Kila baada ya muda mwanangu alinitazama usoni na kuuliza kwa wasiwasi, "Sasa hivi?" Na mimi nikamjibu, "Bado ni huruma." Akaangalia chini tena.

Tunaendelea kwenda. Kuna miezi anaona kidogo, kuna miezi haoni kabisa. Mtoto amejifunza kumwambia, "Mama, sasa nimefurahi," kabla hajacheka. Sijui kama nitaishi hadi siku atakayonitazama akajua mwenyewe. Namshukuru Mungu kwa hali yoyote.

Na wewe uliyenisoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akuhifadhie macho yako na kile kilicho nyuma yake. Akufungulie nyuso za watu wa nyumba yako, na kama amezifunga kwa muda, akupe mtu wa kukaa chini mbele yako na kukushika kidole. Amin.